Kupiga hesabu ya mteremko wa ardhi kwa QGIS: kuanzia kudaunlodi mpaka kwenda kuhakiki shambani, mfano wa milima ya Uluguru

Juzi kuna jamaa kanitumia ramani ya mteremko ya Uluguru, anauliza mbona yote nyekundu, kuanzia Kinole mpaka Mgeta, hadi stendi ya Msamvu pale mjini Morogoro napo eti mteremko nyuzi 89. Yaani mabasi yanapaki ukutani. Nikacheka lakini sikumcheka yeye, maana hata mi nilianzia hapohapo, na ramani yangu ya kwanza niliitundika kabisa kwenye kikao nikidhani nimefanya kazi. Basi nimeona niandike mwanzo mwisho, taratibu, kwa QGIS, programu ya kompyuta ya kutengenezea ramani, maana ni ya bure, na kwa Uluguru maana milima ile naijua kwa miguu, ukikosea kwenye kompyuta magoti yanakwambia.

Kabla ya kugusa kompyuta: mteremko ni nini hasa

Mteremko ni umepanda kiasi gani ukigawanya na umeenda mbele kiasi gani, basi. Ukienda mbele mita 100 ukapanda mita 31, huo ni asilimia 31. Ukitaka kwa nyuzi, hiyo asilimia 31 ni kama nyuzi 17. Hapa ndo wengi wanadondokea, maana nyuzi na asilimia si kitu kimoja na wala haziendi sambamba: nyuzi 45 ni asilimia 100, nyuzi 30 ni karibu 58, nyuzi 20 ni 36. Niliwahi kumpa mtu ramani ya nyuzi bila kuandika kwamba ni nyuzi, akaona shamba lake lina 20, akapanga upana wa matuta kwa asilimia 20. Walichimba siku mbili nzima ndo wakagundua ngazi zinakuja ndefu kama mlango. Kosa langu lile, si lake.

Kwa kazi za kilimo asilimia ndo inayofaa, mkulima na fundi wote wanaielewa. Nyuzi waachie wanaoshughulika na maporomoko ya udongo na miamba.

Data: utapata wapi mwinuko

Unahitaji faili la mwinuko, watu wa fani wanaliita DEM, ni picha ambayo kila pikseli badala ya kubeba rangi imebeba kimo cha mahali pale kwa mita. La kuanzia nalo ni SRTM, data iliyochukuliwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour, Februari 2000, kwa siku 11 tu, pikseli yake ni kama mita 30 kwa 30. Nyingine ni Copernicus GLO-30, pikseli ni zilezile mita 30 ila imetokana na satelaiti za baadaye za TanDEM-X, na kwa milima mi saivi naipenda zaidi, inaonyesha makorongo vizuri kuliko SRTM. Zote bure. SRTM ipo EarthExplorer ya USGS, unafungua akaunti kwanza, na zote mbili zipo OpenTopography ambako unachora boksi kwenye ramani unachukua eneo lako tu, inasaidia sana kama unatumia bando.

Ukichukua SRTM kwa vipande, kila kipande ni nyuzi moja kwa nyuzi moja na kinaitwa kwa kona yake ya chini kushoto. Mji wa Morogoro upo kwenye s07_e037, yaani kati ya latitudo 7 na 6 kusini. Lakini Uluguru inavuka mstari wa latitudo 7, Mgeta ipo chini kidogo tu ya mstari huo, kwa hiyo unahitaji na s08_e037. Kila kipande ni kama MB 25, haina shida. QGIS yenyewe ndo nzito, chukua toleo la muda mrefu lile lililoandikwa Long Term, na usiende kulidaunlodi kwa bando la buku, tafuta sehemu yenye waifai ya maana.

Hatua ya kwanza, unganisha vipande

Fungua QGIS, buruta faili zote mbili uziangushe ndani. Nenda Raster, halafu Miscellaneous, halafu Merge, chagua zote mbili, save mahali unapopajua. Kuna watu wanapiga mteremko kipande kimoja kimoja halafu wanaunganisha mwishoni, usifanye hivyo, maana mteremko wa pikseli unapigwa kwa kuangalia majirani zake, na pikseli iliyo pembeni ya kipande haina jirani wa upande wa pili. Matokeo yake unapata mstari mtupu au wa ajabuajabu unakata milima katikati, na kwa bahati mbaya kwetu mstari wenyewe ni hiyo latitudo 7, unapita karibu kabisa na Mgeta kwenye mashamba unayoyataka.

Hatua ya pili, hii ndo yenyewe, badilisha projeksheni

Projeksheni ni namna ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa. Data ikifika inakuwa kwenye mfumo wenye namba EPSG:4326, yaani umbali wa kwenda mbele unahesabiwa kwa nyuzi za longitudo na latitudo wakati kimo kinahesabiwa kwa mita. Kompyuta haina akili ya kushtuka. Upana wa pikseli kwa nyuzi ni 0.000278, sasa ukipanda mita 5 kompyuta inachukua 5 inagawanya kwa 0.000278 inapata karibu 18,000, huo ni ukuta. Ndo maana Msamvu imekuwa nyuzi 89.

Dawa: Raster, halafu Projections, halafu Warp. Kwenye Target CRS weka EPSG:32737, hiyo ni UTM zoni 37 kusini, mfumo unaohesabu umbali kwa mita, inabeba kuanzia longitudo 36 mpaka 42 mashariki, kwa hiyo Morogoro, Dar, Tanga na Arusha zote ndani. Ukiwa Mbeya au Mwanza ni zoni 36, weka 32736. Kenya angalia upo juu au chini ya ikweta, Mombasa ni 32737 lakini Meru mjini ikweta imepita hapohapo karibu, chagua moja ya kusini au ya kaskazini ubaki nayo.

Kwenye dirisha hilohilo kuna vitu vitatu usiviruke. Resampling inakuja ikiwa Nearest Neighbour, badilisha iwe Bilinear, ukiiacha ile ya kwanza utaona mistari mistari kama kitambaa cha kanga kilichofuliwa vibaya, halafu utadhani ni matuta ya wakulima. Output resolution andika 30. Na Output data type, kule kwenye Advanced, chagua Float32, yaani namba zenye desimali, maana SRTM inakuja kwa mita kamili bila desimali na ukiibakisha hivyo sehemu za tambarare zinakuwa na vingazi vya uongo.

Kuna njia ya mkato ya kutobadilisha projeksheni, kwenye tuli ya Slope ya GDAL (programu nyingine ya bure inayokuja ndani ya QGIS) kuna kisanduku cha uwiano wa kimo na umbali, unaandika 111120 mambo yanakwenda, na huku karibu na ikweta inakubali kwa sababu nyuzi ya longitudo na ya latitudo zinakaribiana urefu. Ila angalia mtego: ile Slope nyingine ya QGIS yenyewe ina Z factor ambayo inafanya kazi kinyume, pale unaandika 0.000009. Ukichanganya hizo mbili ramani nzima inarudi kuwa ukuta. Mi nakushauri fanya Warp, na kwenye kupiga maeneo baadaye utaihitaji tu.

Hatua ya tatu, piga mteremko

Raster, Analysis, Slope. Chagua lile faili jipya la UTM, hakikisha si lile la zamani, majina yanafanana na mtu akichoka anachagua lolote. Weka tiki kwenye Slope expressed as percent. Uwiano uache 1. Save, Run, subiri nusu dakika.

Tuli ile ya QGIS yenyewe inatoa nyuzi tu, ukiwa umeitumia hiyo nenda Raster Calculator uandike hivi, ukibadilisha jina la leya (faili la ramani ulilolifungua) liwe la kwako:

tan("mteremko@1" * 3.14159 / 180) * 100

Sasa ngoja nikuonyeshe kompyuta inafanya nini humo ndani, maana ukiifanya mara moja kwa kalamu hutababaishwa tena. Inachukua pikseli tisa, yako katikati na majirani nane. Tuseme vimo ni hivi, juu ni kaskazini:

712 708 703
720 715 709
729 723 716

Upande wa mashariki unajumlisha 703, na 709 mara mbili, na 716, unapata 2,837. Magharibi hivyohivyo, 712, na 720 mara mbili, na 729, unapata 2,881. Tofauti ni 44. Gawanya kwa 8 mara 30, yaani 240, unapata 0.183. Kusini ni 729, na 723 mara mbili, na 716, jumla 2,891, kaskazini 712, na 708 mara mbili, na 703, jumla 2,831, tofauti 60, ukigawanya kwa 240 ni 0.25. Sasa zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, toa kipeuo cha pili: 0.0336 na 0.0625 ni 0.0961, kipeuo chake 0.31. Asilimia 31. Hiyo ndo fomula ya Horn, GDAL inaitumia usipoiambia kitu kingine.

Umeona ile 715 ya katikati? Haijatumika kabisa. Yaani mteremko wa pikseli yako umepigwa na majirani, eneo la mita 90 kwa 90. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, pikseli moja ni 900, kwa hiyo shamba la ekari moja ni pikseli nne na nusu tu. Kumbuka hilo siku mtu anapokwambia umpimie mteremko wa robo ekari kwa satelaiti.

Rangi na madaraja

Ramani ya kijivu haisomeki. Bofya leya mara mbili, Symbology, chagua Singleband pseudocolor, Interpolation iwe Discrete, halafu uweke mipaka yako mwenyewe. Mi natumia 12 na 35. Sijazitoa hewani, kanuni za matumizi ya ardhi za kilimo za Kenya ndo zilizotaja namba hizo: juu ya asilimia 35 usilime, kati ya 12 na 35 lima lakini weka kinga ya mmomonyoko. Uluguru ukizichora hizo namba utashangaa, sehemu kubwa ya mashamba yanayolimwa kila mwaka inaangukia rangi ya usilime, na watu wanalima na wanakula. Kwa hiyo usiende nayo kijijini kama hukumu. Kule watu wana kumbukumbu: mradi wa matumizi ya ardhi wa wakati wa mkoloni uliwalazimisha kuchimba ngazi, na mwaka 1955 wakakataa, Matombo kukatokea fujo na mtu akauawa. Ukitokea na ramani nyekundu unaongea habari za matuta, wazee wanakutazama tu.

Ukitaka kujua kila daraja lina hekta ngapi, rangi peke yake haitoshi, unatengeneza leya ya madaraja kwa Raster Calculator:

("mteremko@1" <= 12) * 1 + ("mteremko@1" > 12 AND "mteremko@1" <= 35) * 2 + ("mteremko@1" > 35) * 3

Halafu kwenye Processing Toolbox tafuta Raster layer unique values report, inakupa jedwali lenye idadi ya pikseli na eneo kwa mita za mraba, gawanya kwa 10,000 uwe na hekta. Hapo ndo utashukuru kwamba ulifanya Warp.

Kukata mpaka wa kijiji kunakuja mwisho kabisa, Raster, Extraction, Clip Raster by Mask Layer. Ukikata kabla ya kupiga mteremko, ukingo wote wa kijiji unapoteza majirani, ileile habari ya latitudo 7.

Ramani inapodanganya

Ya kwanza ni tambarare. Ukienda Dakawa kwenye mpunga, mteremko wa kweli haufiki hata asilimia 1, lakini ramani itakuonyesha madoadoa ya 3 na 5. Ni makosa ya rada tu. Fomula inaangalia umbali wa mita 60 kati ya jirani wa huku na wa kule, kimo cha upande mmoja wote kikikosewa mita 3 tayari una asilimia 5 ya uongo. Kwa kupanga mifereji ya umwagiliaji hii data usiitumie, kodi mpima mwenye vifaa.

Ya pili ni msitu, na hii Uluguru inaonekana waziwazi. SRTM na Copernicus zote hazipimi udongo chini ya miti, zinapima karibu na vilele vya miti. Sasa msitu wa hifadhi unapoishia na shamba linapoanzia, miti ya mita 25 inakwisha ghafla, 25 kwa 60 ni asilimia 42, kompyuta inachora jabali hapo. Utaona mstari mwekundu unazunguka mlima wote kufuata mpaka wa hifadhi kama mkanda, na watu wameshaniuliza kama kuna korongo. Hamna korongo, ni miti. Kuna data inaitwa FABDEM ambayo ni Copernicus iliyoondolewa miti na nyumba, inapunguza hilo, ila soma leseni yake kama kazi yako ni ya biashara.

Ya tatu ni matuta yenyewe. Pikseli ya mita 30 haioni ngazi ya mita 2.

Nenda shambani ukahakiki

Usikabidhi ramani kabla ya hili. Kwa haraka fungua Google Earth Pro, chora mstari kutoka juu kwenda chini, bofya kulia uchague Show Elevation Profile, inakuandikia mteremko wa wastani na wa juu kabisa, ukiona unapishana mno na wa kwako ujue kuna hatua umekosea. Lakini hiyo bado ni kompyuta kwa kompyuta.

Shambani chukua ubao ulionyooka wa mita 2, pima maji ya fundi, na tepu. Ncha moja iweke chini upande wa juu wa mlima, ncha nyingine inyanyue mpaka tone la pima maji likae katikati, halafu pima kutoka ncha hiyo mpaka ardhini. Ukipata sentimita 62 basi 62 kwa 200 ni asilimia 31. Rudia mara kumi au zaidi ukishuka moja kwa moja na mlima, si kwa kukata ubavuni, chukua wastani. Kimo cha GPS ya simu usikitegemee, umesimama palepale kinapanda na kushuka mita kadhaa.

Mgeta nilifanya hivi kwenye shamba la kabichi la mzee mmoja, ramani yangu ilikuwa inasema 38. Naweka ubao kwenye tuta, napata sentimita 12, yaani asilimia 6. Nikahamisha, 5. Nikahamisha tena, 7. Mzee ananiangalia akasema, "Mjukuu wangu, hapo unapima kazi yangu, mlima uko pale," akanionyesha ukingo wa shamba ambako hajachimba. Nikaenda kupima pale, wastani ukaja 36. Kwa hiyo ramani ilikuwa sawa kuhusu mlima na haikujua lolote kuhusu mzee. Toka siku hiyo nikikuta matuta napima sehemu mbili, juu ya tuta na kwenye kipande kisichochimbwa, na zote naziandika.

Na kama lengo ni kuchimba matuta mapya, hesabu ya kwanza ni rahisi: upana wa tuta zidisha kwa mteremko. Mteremko 31, tuta la upana wa mita 3, ukuta wake unakuja kama sentimita 93. Ukitaka mita 5 ukuta unakuwa mita moja na nusu na ushee, udongo wenyewe unaweza usikubali, hapo punguza upana au fikiria "fanya juu" (mtaro ambao udongo wake unatupwa upande wa juu) badala ya ngazi kamili.

Mwisho kwenye kona ya ramani, kabla hujaiprinti, andika mstari mmoja mtu yeyote aweze kuirudia bila kukupigia simu. Wa kwangu huwa hivi:

Mteremko kwa asilimia. Copernicus GLO-30, pikseli mita 30, EPSG:32737, Bilinear, Horn. Haionyeshi matuta. Ukingo wa msitu usisomwe.